Galaxy's Edge ya California au ya Florida: pacha hawa, uende kwa yupi?

Kulwa alizaliwa 31 Mei 2019, Anaheim, California, ndani ya bustani ya burudani ya Disneyland. Doto akafuata 29 Agosti mwaka huohuo, upande wa pili wa Marekani, ndani ya Disney's Hollywood Studios, Florida. Wote wawili wanaitwa Star Wars: Galaxy's Edge, eneo la michezo lililojengwa kwa mfano wa filamu za Star Wars za vita vya angani. Kila mmoja amekalia ekari 14. Mfunge mtu kitambaa machoni, mfungulie mbele ya Millennium Falcon, chombo maarufu cha angani cha filamu hizo, umwulize yuko jimbo gani: atababaika.

Hapo ndipo wanaolinganisha hupotea. Wanahesabu maduka, mawe ya ukuta na ladha za vinywaji, halafu wanasema zinafanana, nenda iliyo karibu nawe. Si uongo, ila jibu hilo halimfai mtu anayekata tiketi ya ndege ya namna hii mara moja tu katika miaka mingi. Mimi naona pacha hawa wasilinganishwe sura. Linganisha nyumba walizolelewa: majirani, milango, saa ya kulala, mvua, na sasa hata hadithi inayosimuliwa ndani.

Sura moja

Tumalize kwanza yanayofanana. Kokote uendako unaingia Black Spire Outpost, mji wa wachuuzi, watoro na wapelelezi kwenye sayari ya Batuu. Sayari hiyo haimo kwenye filamu kuu za Star Wars. Ilibuniwa makusudi ili kila mgeni awe mgeni kweli, asitokee wa kudai anaijua kona hadi kona. Wabunifu walizunguka masoko ya Morocco na Uturuki kutafuta sura ya kuta na vichochoro, na jasho lao linaonekana: vitambaa vimetundikwa juu ya njia nyembamba, rangi imebanduka mahali inapostahili kubanduka, na maandishi kwenye mabango ni ya Aurebesh, alfabeti ya Star Wars, ambayo app ya Disney kwenye simu inakutafsiria. Juu ya yote kuna miamba iliyochongoka inayokaribia mita 40, na katikati imeegeshwa Falcon ya ukubwa kamili, zaidi ya mita 30 kwa urefu.

Michezo mikubwa ni miwili, na ni ileile. Smugglers Run inawaweka watu sita ndani ya chumba cha rubani cha Falcon: wawili mbele wanaendesha, wawili wa kati wanafyatua, wawili wa nyuma ni mafundi. Rubani mmoja anakipeleka chombo kushoto na kulia, mwenzake juu na chini, kwa hiyo wasiposikizana mtagonga kila kitu. Katika misheni ya awali fundi ndiye aliyepunjwa: anabonyeza vitufe vya pembeni wakati wenzake wanatazama dirishani. Disney ilitangaza misheni mpya yenye Mandalorian na Grogu, wahusika wengine wa Star Wars, kwa 22 Mei 2026 katika bustani zote mbili, hivyo hata hilo halileti tofauti.

Rise of the Resistance ndiyo sababu ya wengi kufunga safari. Ni kama michezo kadhaa iliyounganishwa, na inachukua takriban robo saa tangu unapopokelewa hadi unapotoka. Unapandishwa kwenye chombo kidogo, mnatekwa njiani, mlango unafunguka na mbele yako kuna uwanja mzima wa askari weupe wamejipanga kimya. Kuanzia hapo unakimbizwa kwa vigari visivyo na reli, unapita chini ya miguu ya AT-AT, mashine za vita zinazotembea kwa miguu minne, mbili za ukubwa kamili, na lifti inakuangusha. Hapa ndipo Doto alipomtangulia Kulwa: Florida iliufungua mchezo huu 5 Desemba 2019, California ikangoja hadi 17 Januari 2020. Leo hiyo ni historia tu. Ukiupanda huku, hujakosa kitu kule.

Warsha ya Savi, ambapo unaunda upanga wa mwanga wa kwako, iko pande zote mbili. Droid Depot ya kuunda roboti nayo hivyo hivyo. Zilipofunguliwa mwaka 2019, upanga ulikuwa dola 199.99 na roboti dola 99.99, na bei zimepanda tangu hapo. Savi ni sherehe fupi ya kikundi kidogo chumbani, si kaunta ya duka, na lazima uweke nafasi mapema. Kama upanga ndiyo ndoto ya safari yako, chagua bustani kwa sababu nyingine. Upanga utakuwa uleule.

Milango

Sasa tofauti zinaanza. Kulwa ana milango mitatu ya kuingilia kutoka maeneo mengine ya bustani: mmoja unatokea Frontierland, mwingine Fantasyland, wa tatu ule upande uliokuwa ukiitwa Critter Country na sasa ni Bayou Country. Doto anayo miwili: Toy Story Land na Grand Avenue.

Jambo la milango linaonekana dogo hadi ulitembee. California, ukitoka Frontierland unapita njia ya miamba myekundu na miti, kelele za nyuma zinafifia, unaingia upenyo wa mawe, na mji unafunguka mbele yako. Waliijenga kwa kuibana bustani yenyewe: mto wa Rivers of America ulifupishwa, reli ya treni ya mvuke ikapindishwa njia mpya, na eneo la Big Thunder Ranch likafungwa Januari 2016. Faida yake ni kwamba mpaka wa nje wa eneo umejaa mimea na mwamba uliopangwa kwa ustadi, na hata anayepita ng'ambo kwa mashua anafaidi.

Florida walipewa kiwanja kilichosafishwa. Hapo awali palikuwa na mitaa ya bandia ya mji na uwanja wa maonyesho ya magari yanayorushwa kwa michezo ya hatari, vyote vikavunjwa. Mlango wa Grand Avenue ni handaki, na handaki linafanya kazi yake vizuri: giza kidogo, kisha mwanga wa Batuu. Tatizo ni kilicho kabla ya handaki. Ukumbi wa jirani wa Muppets, wale vikaragosi, ulifungwa Juni 2025 ili kujenga eneo jipya la filamu ya Monsters, Inc., kwa hiyo upande huo ni wa ujenzi. Mlango wa Toy Story Land nao unakutoa kwenye wanasesere wakubwa wa plastiki na nyimbo za kitoto, na ghafla uko katikati ya vita vya nyota. Watoto hawajali. Mimi najali.

Kwa milango, Kulwa anashinda, tena bila ubishi.

Majirani

Hili ndilo ningelipa uzito kuliko yote, na ndilo linaloachwa nje ya ulinganisho mwingi.

Disneyland ina maeneo tisa, na Galaxy's Edge ni moja tu kati ya hayo. Foleni ya Rise ikikutisha, unageuka na kwenda kupanda kitu kingine. Bustani ile ina michezo mingi kuliko unavyoweza kuimaliza kwa siku moja, na mingi haina kipimo cha urefu. Umati una pa kwenda. Jirani yake, bustani ya Disney California Adventure, iko ng'ambo ya uwanja mmoja, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka geti hadi geti.

Hollywood Studios ni bustani ya michezo michache lakini mizito: Tower of Terror, Slinky Dog Dash, Mickey & Minnie's Runaway Railway, na mingine kadhaa. Galaxy's Edge ndiyo roho ya bustani hiyo. Geti likifunguliwa asubuhi, watu karibu wote wanakwenda upande mmoja au miwili. Mchezo mmoja ukiharibika, na Rise huharibika mara kwa mara katika bustani zote mbili kwa sababu ya mitambo yake mingi, foleni ya michezo iliyobaki inavimba papo hapo. California mchezo ukisimama unapumua. Florida unausikia bustani nzima.

Lakini Doto naye ana jirani mmoja mwema. Star Tours, ule mchezo wa zamani wa Star Wars ulioanzia Disneyland Januari 1987 na kufika Florida Desemba 1989, kwa upande wa Florida uko Echo Lake, hatua chache kutoka handaki la Grand Avenue, na nje yake kuna AT-AT kubwa imesimama juu ya kijiji cha Ewok, viumbe wadogo wenye manyoya wa filamu hizo. Mpenzi wa Star Wars anaweza kuzunguka humo nusu siku bila kuvuka bustani nzima. California, Star Tours imebaki Tomorrowland, upande wa pili kabisa. Wenyewe wanafidia kwa misimu fulani, Space Mountain, mchezo wa vigari vya kasi gizani, inapovishwa nguo za Star Wars na kuitwa Hyperspace Mountain, kitu ambacho Florida haina. Na ukiingia baa ya Oga's Cantina, kote kote, mtazame roboti anayepiga muziki: ndiye aliyekuwa rubani wa Star Tours ya kwanza, kafukuzwa kazi ya urubani, sasa ni DJ.

Wakati wa hadithi

Hadi majuzi, pacha waliishi siku moja ileile isiyokwisha, kati ya filamu ya nane na ya tisa ya mfululizo mkuu. Maana yake ni kwamba Rey, Kylo Ren na Chewbacca walikuwa wakikatiza mitaani, lakini Darth Vader, Luke na Han Solo hawakuwa na nafasi. Kwa kalenda ya hadithi walishaondoka. Wengi walilalamika, hasa wazee waliokulia filamu za kwanza na kufika Batuu wakitafuta sura wasizozikuta. Hata muziki maarufu wa filamu haukupigwa mitaani. John Williams, mtunzi wa muziki huo, alitunga kipande kipya kwa ajili ya maeneo haya, kikampa tuzo ya Grammy mwaka 2020, lakini ukitembea sokoni ulichosikia zaidi ni ndege wa ajabu, mitambo na redio za wachuuzi.

California ilianza kulegeza sheria hiyo Novemba 2022 ilipowaleta Mandalorian na Grogu. Kisha Disney ikatangaza hatua kubwa: kuanzia 29 Aprili 2026, upande wa California pekee, kalenda ya Batuu inafunguliwa kupokea enzi za filamu za kwanza, na Vader, Luke, Leia na Han wanaingia mitaani, pamoja na muziki wa Williams. Rey anabaki, upande wa Rise. Tangazo hilo halikuihusu Florida.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza pacha wanaachana tabia. Kwa aliyekulia Luke na Vader, hii peke yake inatosha kuamua. Kuna wenye msimamo mkali watakaokwambia wazo la awali, la kuishi siku moja yenye mantiki, lilikuwa zuri zaidi, na kwamba ukichanganya enzi unabaki na maonyesho ya mavazi. Nawaelewa. Hao waende Florida, na sisemi kwa kejeli.

Jua likizama

Batuu ya mchana, popote ilipo, ina kasoro: mawe mengi, kivuli kidogo. Usiku ndipo inapokuwa mahali. Taa zinawaka kwenye miamba, Falcon inafuka mvuke, wafanyakazi wanabadili salamu kutoka ya jua kwenda ya mwezi.

Disneyland mara nyingi hufunga usiku wa manane. Hollywood Studios mara nyingi hufunga saa tatu usiku. Wakati wa kiangazi Florida jua linachelewa kuzama, kwa hiyo unaweza kubakiwa na muda mfupi sana wa Batuu ya giza, tena ukiwa umechoka. Halafu California kuna fataki. Zinarushwa kutoka nyuma ya Disneyland na zinaonekana juu ya miamba ya Batuu. Kuna misimu wanapiga ndani ya eneo muziki wa Williams ulinganishwe na milipuko. Florida hawana kitu cha kufanana na hicho ndani ya eneo lenyewe.

Mvua na joto

Orlando wakati wa kiangazi ni nyuzi 32 au 33 pamoja na unyevunyevu unaokufanya ujihisi umevaa blanketi, na radi za alasiri ni karibu kila siku. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba. Radi ikipiga, michezo ya nje kama Slinky Dog Dash inasimamishwa, watu wote wanakimbilia ya ndani, na ya ndani maarufu kuliko yote ni Rise. Anaheim kuna joto pia, ila ni joto kavu, na jioni unatafuta sweta. Ukienda Januari au Februari, Florida inapendeza na hoja hii yote inakufa.

Foleni na kuweka nafasi

Hapa Doto anapata pointi yake kubwa. Njia ya haraka ya kulipia, Lightning Lane, ipo pande zote, na pande zote Rise inauzwa peke yake kwa bei inayobadilika kulingana na siku, wakati Smugglers Run imo kwenye kifurushi cha michezo mingi. Tofauti ni lini unanunua. Florida, kwa utaratibu ulioanza 24 Julai 2024, aliyelala hoteli za Disney anachagua saa zake siku saba kabla, na wengine siku tatu kabla. Unafika ukijua Rise ni saa nne na nusu asubuhi, basi. California unachagua ukishapita getini siku hiyohiyo, simu mkononi, asubuhi na mapema, huku mtoto akilia njaa.

Mtu wa mipango atapenda Florida. Mtu wa kuamka na kuona siku itakavyokuwa atapenda California. Wazazi wenye mtoto mdogo waulizie utaratibu wa kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Upo kote.

Chakula na kinywaji, kwa kifupi

Maziwa ya buluu na ya kijani si maziwa ya ng'ombe. Yametengenezwa kwa nazi na mchele, yanatolewa kama barafu laini. Ya buluu yananywika. Ya kijani, onja ya mwenzako kwanza. Ronto Wrap, mkate uliokunja nyama ambao kila mtu anausifu, una nyama ya nguruwe, na anayeiepuka ajue kabla ya harufu kumteka.

Pombe ni tofauti ya kweli. Disneyland ilifunguliwa 17 Julai 1955 na kwa zaidi ya miaka 60 mgeni wa kawaida hakuuziwa kileo ndani yake. Club 33, klabu ya wanachama, ndiyo iliyokuwa na ruhusa. Oga's Cantina ilivunja mwiko huo mwaka 2019, na ndani ya Galaxy's Edge ya California kileo kimebaki humo. Florida kinauzwa pia nje ya baa, hata maziwa ya buluu unaweza kuongezewa ramu. Oga's, kote kote, weka nafasi mapema, na utapewa kama dakika 45 tu. Wengi wanasimama, usitegemee kiti.

Kulala na kufika

Anaheim ni mji wa kawaida uliobanana na bustani. Hoteli nyingi zisizo za Disney ziko ng'ambo ya barabara, unatembea kwa miguu, mchana unarudi kupumzika na jioni unarejea kwa Batuu ya taa. Walt Disney World ya Florida ni kama wilaya: zaidi ya kilomita za mraba 100, bustani nne kubwa, na unasafiri kwa basi, gari au zile kebo za angani za Skyliner zinazofika hadi Hollywood Studios. Kurudi hotelini mchana kunakula saa nzima kwa urahisi.

Florida ndiyo iliyokuwa na kile kituko cha Galactic Starcruiser, hoteli ya vyumba 100 iliyojifanya chombo cha angani, bila madirisha ya kweli, mgeni akilipa maelfu ya dola kwa usiku mbili na kupelekwa Batuu kama abiria anayeshuka bandarini. Ilifunguliwa 1 Machi 2022, ikafungwa mwisho wa Septemba 2023. Ukikutana na video zake ukasema ndiyo sababu ya kuchagua Florida, umechelewa.

Nani aende wapi

Kama Galaxy's Edge ndiyo safari yenyewe, nenda California. Siku mbili zinatosha, moja ukiianza asubuhi kwa Rise, nyingine ukiiacha iwe ya jioni. Ingia kwa mlango wa Frontierland mara ya kwanza.

Kama safari ni ya ukoo mzima, wiki nzima, bustani nne, na Batuu ni kituo kimoja tu kati ya vingi, nenda Florida. Nenda miezi ya baridi, lala hoteli ya Disney ili upate zile siku saba za kuchagua saa, na ingia kwa handaki la Grand Avenue kama ujenzi hauzuii.

Aliyewahi kumwona Doto kabla ya 2026 na anajiuliza kama kuna haja ya kumwona Kulwa: zamani ningesema hapana. Sasa nasema ndiyo, kwa ajili ya enzi mpya na usiku.

Na kama una mtoto mwenye urefu wa sentimita 100, pima kwanza, kwa viatu atakavyovaa siku hiyo. Smugglers Run inataka sentimita 97, Rise inataka 102. Ataruhusiwa mmoja na kukataliwa mwingine, Kulwa na Doto vilevile. Kinachobadilika ni atakachofanya wakati wewe uko ndani ya Rise: Florida kuna Toy Story Land nje ya mlango, na Slinky Dog Dash inamkubali kwa sentimita zake 97, California, nyuma ya mlango mmojawapo iko Fantasyland nzima, na karibu kila kitu humo kitampokea bila kumpima.